Miraba Minane

Kwanza lilikuwa kabati,
refu kuliko Mwepu, limesimama nyuma ya friji
katika baa ya Mgiriki, njia ya kwenda stesheni,
likila zaire mojamoja kama mtoto mwenye minyoo.
Ndani yake mchimbaji alipanda ngazi,
akaruka vigari vya mawe, akafikia taa ya juu,
na kaka yangu Mwepu, fundi wa redio Kamalondo,
hakuwa akicheza. Alikuwa akihesabu.
Ngazi saba. Sakafu sita. Vigari vitano kwa mkupuo.
Aliandika nyuma ya pakiti ya sigara.

Halafu mjomba Kaumba akarudi kutoka Ndola
na sanduku jeusi lenye swichi sita,
la kuunganishwa na televisheni,
na Mwepu akasema: atahama.
Atatoka kwa Mgiriki aje kwetu, tumpe chumba.

Lakini chumba chenyewe!
Baiti elfu nne na tisini na sita kwa kila kitu:
ngazi, sauti, mvuto wa ardhi, kifo.
Tulijua kuhama namna hiyo. Siku baba aliponyang'anywa
nyumba ya kampuni tulipewa mkokoteni mmoja,
na mama alisimama mlangoni akichagua:
sufuria ndiyo, meza hapana,
kitanda kimoja kati ya viwili.
Hivyo ngazi saba zikawa tatu.
Muziki ukabaki mlio mmoja,
wa chura aliyekanyagwa.

Mtu mwenyewe ndiye aliyetushinda.
Mashine ilitupa miraba minane ya upana, si zaidi,
kila mraba uwake au uzimike.
Wiki mbili Mwepu alichora: ikatoka birika,
ikatoka mbuzi.
Mama alikuwa akichambua sombe. Akafuta mikono,
akaomba kalamu.
Yeye masista walimfundisha kudarizi, kwenye foyer ya kampuni,
msalaba kwa msalaba, vitambaa vya meza
za watu wasiokula bukari.
"Usichore mtu," alisema. "Chora kofia yake,
kisha uzito anaoubeba. Miguu itakuja yenyewe."
Mraba mmoja aliuacha wazi, kifuani.
Na hapo?
"Hapo anapumua."

Akikosea hesabu, Mwepu alifuta kumbukumbu kwa jua.
Taa ya kufutia hatukuwa nayo.
Tulikiweka kile kidude juu ya bati,
dirisha lake dogo la kioo likitazama mbinguni,
wiki nzima ya kiangazi, mimi nikifukuza kuku,
vumbi la bomba kubwa la kiwanda likitua,
mimi nikipangusa.
Mara saba tulikisahaulisha hivyo.
Sijui kosa huwa linakwenda wapi.

Kigari, moto na mchimbaji
hawakuweza kukaa mstari mmoja. Sanduku lilikataa.
Basi Mwepu akawapa zamu: sasa kigari, sasa moto,
upesi kiasi cha jicho kusamehe.
"Vinapepesa," alisema, ana aibu.
Nikamwambia, hata nyinyi.
Baba, siku hizo mlinzi wa depo ya unga,
hurudi alfajiri na kulala pale Mwepu anapoamka;
shuka haliwahi kupoa.
Jirani akiuliza, wote wapo.

Ilikuwa Jumanne, umeme ulikuwa umerudi usiku.
Baba aliingia na tochi yake bado inawaka
akamkuta mchimbaji kwenye kioo, wa kijani,
kofia, uzito, tundu kifuani.
Alisimama muda mrefu. Yeye alishuka chini ya ardhi
miaka kumi na tisa.
"Huyu anapanda tu? Hashuki?"
"Nafasi ya kushuka haikutosha, baba."
"Bahati yake."
Na bila kuvua koti la ulinzi akaketi,
akashika kile kijiti kwa mikono miwili kama sururu,
akaanguka ngazi ya kwanza,
akaanguka,
akaanguka tena, akasema: rudisha.